Miche ya mikarafuu na kiangazi cha kaskazi

Mhariri,

Naomba nafasi niwakumbushe wakulima wenzangu wa Pemba kuhusu miche ya mikarafuu iliyopandwa masika, ambayo inaingia kaskazi, msimu wa joto na ukavu, ikiwa na mizizi mifupi isiyofikia unyevu wa chini. Mwaka jana ilinifia miche 12: majani yalikauka kuanzia nchani, na nilipokwangua gome kwa ukucha sikuona ubichi wowote. Iliyopona ni ile iliyokuwa kwenye kivuli cha migomba na kutandazwa nyasi kavu shinani, jambo ambalo wazee wetu walilizingatia sana nasi tumelipuuza. Mkarafuu huchukua miaka 6 au zaidi kuanza kuzaa, hivyo mche ukifa tunaanza kusubiri upya. Tuimwagilie miche jioni, maji mengi kwa mara moja, badala ya kuinyunyizia kidogo kidogo kila siku.

Mkulima,
Wete, Pemba