Kabla fundi hajabadilisha bodi

Swahiba wangu,

Salamu nyingi kutoka Dar es Salaam. Sisi huku tu wazima, hofu ni kwenu na hiyo baridi ya Mbeya. Nimefurahi sana kusikia mtoto amepona.

Umeniambia fundi anakuja Jumatatu kubadilisha bodi kuu ya seva ya hifadhidata. Nakuomba usiisubiri hiyo Jumatatu: chukua mapema nakala ya mipangilio ya BMC, ile kompyuta ndogo ya kuisimamia seva kutoka mbali hata mfumo endeshi ukiwa umezimika. Data mnayo kwenye bakapu, hapo sina wasiwasi. Lakini BMC imekaa juu ya bodi hiyo hiyo, na kila ulichoipangia huondoka nayo: anwani ya IP, watumiaji na ngazi zao za mamlaka, konsoli ya mbali, hata agizo la seva ijiwashe au isijiwashe umeme ukirudi. Kwenye diski hakuna hata kimoja cha hivyo. Bodi mpya itakuja na mipangilio ya kiwandani, na siku mfumo endeshi ukigoma kuwaka usiku wa manane itakubidi uende mwenyewe hadi chumba cha seva.

Kwa kuwa mashine zenu ni za watengenezaji tofauti, anza na FreeIPMI, zana huria ya kuongea na BMC kwa lugha ya IPMI. IPMI yenyewe ni makubaliano ya Intel, HP, NEC na Dell ya mwaka 1998, toleo la 2.0 likafuata mwaka 2004, na BMC nyingi mpaka leo zinaielewa. Ingia kwenye seva ukiwa root (msimamizi mkuu), kisha:

ipmi-config --checkout --filename=seva-db.conf

Ukiwa ndani ya seva hivyo, amri inaongea na BMC moja kwa moja, haidai mtandao wala paswedi. Ukiwa kwenye mashine nyingine, ongeza -D LAN_2_0, -h na anwani, -u na jina la mtumiaji, na -P ili ikuulize paswedi. Usiiandike paswedi kwenye amri yenyewe, maana itabaki kwenye historia ya terminali na anayetazama orodha ya michakato anaweza kuiona.

Faili utakalopata ni maandishi matupu, limegawanywa kwa sehemu. Lisome lote, tafadhali, usilihifadhi tu ukaliacha.

Kwanza paswedi. BMC haitoi paswedi za watumiaji, kwa hiyo mistari hiyo inakuja imezimwa kwa alama ya #. Majina yatarudi, ngazi zao zitarudi, paswedi hazitarudi. Lazima uwe nazo mahali pengine, au uweke mpya siku hiyo hiyo.

Pili, na hapa ndipo ninapokusihi zaidi, tazama sehemu ya Lan_Conf. Humo mna IP_Address, na pia mna MAC_Address, namba ya utambulisho wa kadi ya mtandao, ya bodi ya zamani. Usiirudishe MAC hiyo kwenye bodi mpya. Bodi mpya ina yake kutoka kiwandani, iache. Futa mstari huo kwenye nakala utakayoitumia kurejesha, ila nakala halisi ibaki kama ilivyo. Na kama siku moja utataka kulitumia faili hili kupanga seva nyingine, ondoa na IP pia, la sivyo mashine mbili zitagombea anwani moja.

Tatu, nenda Rmcpplus_Conf_Privilege utafute Maximum_Privilege_Cipher_Suite_Id_0. Iwe Unused (haitumiki). Mfumo huo wa uthibitishaji na usimbaji, namba sifuri, unaruhusu mtu kuingia bila paswedi yake kuhakikiwa. Mtafiti wa usalama Dan Farmer aliupigia kelele mwaka 2013, na zilikuwapo BMC zilizotoka kiwandani ukiwa wazi. Wewe uliufunga kwenye bodi ya zamani, lakini bodi mpya haijui hilo. Ndiyo maana sipendi watu wanaporudisha IP peke yake halafu wakasema kazi imekwisha. Hata ukiufunga, IPMI 2.0 ina udhaifu mwingine usiozibika kwa mipangilio: anayejua jina la mtumiaji anaweza kupewa na BMC hashi ya paswedi yake (alama iliyokokotolewa kutokana na paswedi), akaenda kuivunja kwa wakati wake. BMC zibaki kwenye VLAN yao (mtandao wao uliotengwa), mbali na kompyuta za ofisini.

Faili hili halibebi kila kitu. Vyeti vya usalama, LDAP (orodha ya pamoja ya watumiaji) na mengine ya mtengenezaji mwenyewe yanataka zana yake. Kwa zile Dell zenu, ambazo BMC yao huitwa iDRAC, tumia racadm, zana ya Dell:

racadm get -f idrac.xml -t xml -c iDRAC.Embedded.1

Hiyo -c usiisahau. Bila yake faili litachukua na BIOS (mipangilio ya kuwasha mashine) na RAID (mpangilio wa diski), na mipangilio ya RAID sitaki uiguse siku ya kurejesha BMC. Kurudisha ni racadm set kwa faili hilo hilo, lakini tanguliza --preview uone litabadilisha nini.

Jumatatu, fundi akishamaliza, fanya kazi ukiwa ndani ya seva, siyo kupitia mtandao wa BMC, maana IP ikibadilika katikati utakatika. Anza na --diff, ikuonyeshe bodi mpya inapishana wapi na faili. Ukiridhika, --commit, ndiyo inayoyaandika kwenye BMC. Weka paswedi. Kisha, ukiwa kwenye mashine nyingine, jaribu kuingia kwenye BMC, na ufungue konsoli ya mbali mpaka uone herufi zikitokea.

Mafaili yenyewe usiyaweke kwenye seva hiyo hiyo. Yafunge kwa usimbaji, maana yana ramani yote ya watumiaji wenu. Na ukipata nafasi wikiendi hii, chukua na za seva zilizobaki.

Jumatatu jioni simu yangu itakuwa wazi. Nitumie matokeo ya --diff kabla hujaandika --commit, tuyapitie pamoja. Msalimie mama watoto, na shemeji yako huku anakusalimu.

Rafiki yako