Utoto wangu Eyam: barua kwa shoga yangu

Sheffield, Juni 2024

Shoga yangu mpendwa,

Assalaam alaykum. Barua yako imenifika salama, nami nimefurahi kusikia kwamba Mama mkubwa amepata nafuu ya miguu na kwamba nyumba ya Ngamiani imeshaezekwa upya. Umeniuliza jambo ambalo kwa miaka yote tuliyojuana nimekuwa nikilijibu kwa mkato: utoto wangu ulikuwaje katika kijiji cha Waingereza, mtoto wa watu wa Tanga katikati ya kondoo na kuta za mawe. Safari hii nitakujibu kwa urefu, ila usitarajie hadithi ya upweke, maana ndiyo kila mtu anayoitarajia kwangu, na kusema kweli upweke haukupata nafasi.

Kijiji chenyewe kinaitwa Eyam, kiko Derbyshire, kiasi cha kilomita 20 kutoka hapa Sheffield. Mama alikuwa muuguzi mjini, akienda na kurudi kwa basi, na Baba alikuwa karani katika machimbo ya mawe ya chokaa yaliyo bondeni. Nadhani umewahi kulisikia jina hilo, kwa sababu mwaka 2020, wakati wa korona, kilitajwa sana magazetini kama kijiji kilichojifungia.

Jambo la kwanza ambalo mtoto wa Eyam hufundishwa, kabla hata ya kujua vizuri njia ya kwenda dukani, ni jinsi watu wa zamani walivyokufa. Mwezi wa Septemba 1665, fundi wa nguo aliyeitwa George Viccars alifungua mzigo wa vitambaa uliotoka London, akavianika mbele ya moto kwa kuwa vilikuwa na unyevu, na viroboto waliokuwamo wakamwambukiza tauni. Baada ya siku chache akafa. Mwaka uliofuata, maradhi yalipozidi, kasisi William Mompesson, akisaidiwa na kasisi wa zamani wa hapo, Thomas Stanley, aliwashawishi wanakijiji wasivuke mipaka yao ili wasiwapelekee jirani zao mauti. Chakula kilikuwa kikiachwa mpakani, na fedha za kukilipia zikiwekwa katika mashimo ya jiwe yaliyojazwa siki ili zisipeleke maradhi. Tauni ilipokwisha, Novemba 1666, walikuwa wamekufa watu wapatao 260 kwa hesabu ya kijiji. Jiwe hilo lipo mpaka leo kwenye njia ya kwenda Stoney Middleton, nasi tulikuwa tukitia vidole katika mashimo yake, kisha tukivinusa na kuapizana kwamba harufu ya siki bado imo.

Tulikuwa na mchezo wetu wa tauni, ambao walimu hawakuupenda. Mmoja alikuwa Viccars, mwingine kasisi, waliobaki walikuwa wa kufa. Mimi nilipewa kila mara nafasi ya Viccars, kwa hoja kwamba yeye alikuwa mgeni na mzigo ulitoka mbali, na mzigo wenyewe ulikuwa koti langu la shule lililokunjwa. Wewe ungekasirika, nakujua. Mimi niliipenda nafasi hiyo, kwa sababu Viccars hufa wa kwanza, na aliyekwisha kufa hulala majanini akawatazama wenzake wakihangaika kufa mmoja mmoja mpaka kengele ilie.

Jambo ambalo hatukuambiwa ni kwamba Mompesson aliwatoa watoto wake wawili wakapelekwa Yorkshire kabla ya mipaka kufungwa. Hilo nimelisoma nikiwa mtu mzima. Simlaumu, kwani mkewe Catherine alibaki naye akafa kwa tauni Agosti 1666, na kaburi lake liko uani pa kanisa, karibu na msalaba wa mawe wa karne ya 8. Lakini naona wangetuambia tu. Mtoto wa miaka minane analielewa jambo la baba kuwaondoa wanawe penye hatari kuliko anavyolielewa jambo la ushujaa.

Nje kidogo ya kijiji, katikati ya malisho, kuna makaburi yaliyozungushiwa ukuta mfupi wa duara, ya ukoo wa Hancock. Agosti hiyo ya 1666 Elizabeth Hancock alimzika mumewe na watoto wao sita kwa mikono yake, ndani ya siku nane. Siku Mama aliposimuliwa habari hiyo kwa mara ya kwanza, alikuwa ametoka zamu ya usiku; alikaa juu ya ukuta na viatu vyake vya kazi, akainua mikono akasoma Fatiha. Baba akamkumbusha kwa upole kwamba hao walikuwa Wakristo, naye Mama akamjibu kwamba hajamuuliza.

Lakini nisikuchoshe kwa makaburi, kwani kilichonifanya mtu wa Eyam hasa ni maua. Mwaka 1588 maji ya chemchemi yaliletwa kwa mabomba hadi kwenye mabirika ya mawe yaliyo njiani, na hadi leo mwisho wa Agosti visima hupambwa kwa picha kubwa zilizotengenezwa kwa petali. Mbao nzito zenye misumari hulowekwa siku kadhaa, kisha hupakwa udongo laini uliotiwa chumvi ili usikauke upesi. Kuukanda udongo huo ilikuwa kazi yetu watoto, kwa miguu mitupu, nao ulikuwa baridi kiasi cha kuuma mifupa hata wakati wa kiangazi. Picha iliyochorwa karatasini huwekwa juu ya udongo na kutobolewa kwa pini, mistari yake hufuatwa kwa vitunda vikavu vyeusi vya miti ya kando ya mto, ndipo zinapoanza kupangwa petali, moja moja, kutoka chini kwenda juu, kila safu ikiilalia iliyo chini yake kama makuti ya paa, ili mvua iteremke bila kuingia ndani. Mbingu katika picha hizo zilikuwa za petali za ua liitwalo haidrenjia, na wanawake waliokuwa na haidrenjia za buluu iliyokolea walijulikana, wakabembelezwa tangu Juni.

Mwaka 1977 kazi hiyo iliangukia ndani ya Ramadhani. Nilikuwa na miaka kumi, nimejiapiza kufunga mwezi mzima nisipitwe na kaka yangu, na saumu ya huku wakati huo wa mwaka si mchezo: alfajiri huingia kama saa kumi na jua huzama saa mbili za usiku. Bibi mjane aliyeusimamia ubao wetu alinipa biskuti, nikamweleza kwa nini siwezi kuila. Hakuniuliza tena. Jioni, saa mbili kasoro, alibisha mlangoni kwetu na kopo zima la biskuti, akasimama kizingitini akiitazama saa yake ya mkononi, akakataa kuonja hata sambusa mpaka Baba alipoadhini. Jumapili ya mwisho wa Agosti, watu wanapotembea kutoka kanisani hadi bonde la Cucklet Delf kuwakumbuka wafu wa tauni, pale wanakijiji wa wakati huo walipokuwa wakiswali baada ya kanisa kufungwa, alitutengea nafasi kivulini ili sisi wenye saumu tusipigwe na jua.

Mengine nitakuhadithia ana kwa ana. Yapo majira ya baridi ya mwanzoni mwa miaka ya 1970, umeme ulipokuwa ukikatika nchini na Mama akawasha chemli yake ya Tanga huku jirani wakihangaika kutafuta mishumaa. Upo ukame wa 1976, bwawa la Ladybower liliposhuka tukaona magofu ya kijiji cha Derwent kilichozamishwa, na serikali ikamteua waziri wa ukame, mvua ikamwagika siku chache tu baada ya uteuzi wake. Na wapo ndege wadogo waliotoboa vifuniko vya chupa za maziwa mlangoni wakala malai, jambo ambalo Baba hakuwasamehe hata alipozeeka.

Ukija mwakani kama ulivyoahidi, usikate tiketi ya Julai. Njoo wiki ya mwisho ya Agosti, tutalala kwa mwanafunzi mwenzangu mmoja aliyebaki kijijini, na miguu yako itakanda udongo ukitaka usitake. Uchukue sweta, na kama mzigo wako una nafasi niletee bizari ya Tanga na ubani. Mfikishie Mama mkubwa salamu zangu, nawe usikawie kunijibu.

Wako akupendaye,
Shoga yako wa Eyam