Nendeni na kazi mnazozijua: barua ya wazi kwa vijana wetu wanaokwenda misioni

Vijana wapendwa wa usharika,

Bwana Yesu asifiwe. Shikamoo zenu za Jumapili nimezipokea zote, hata zile za mbiombio za kuwahi chai. Marahaba. Mwenyekiti wenu aliniomba niseme neno kwenye semina ya kuwaandaa na safari, lakini sauti yangu siku hizi haifiki benchi la tatu, kwa hiyo nimeandika. Barua nimeiacha wazi kwa kuwa najua vijana wa sharika nyingine hapa Dar es Salaam nao wako kwenye maandalizi kama haya, na wengi nawasikia wakiuliza swali hilohilo: "Mzee, mimi si mhubiri, nitakwenda kufanya nini?"

Orodha ya wanaokwenda nimeiona. Mbele ya kila jina pameandikwa kazi mliyojipangia huko: kuimba, kuhubiri, kushuhudia nyumba kwa nyumba, maombezi. Nikachukua kalamu, nikaandika pembeni kazi ambayo kila mmoja wenu anaifanya Jumatatu hadi Ijumaa. Fundi umeme. Mshonaji. Muuguzi. Mhasibu. Fundi simu wa Kariakoo. Msusi. Bodaboda. Mama lishe. Mwalimu wa chekechea. Mchora mabango. Ningekuwa na uamuzi mimi, orodha ya pembeni ndiyo ningeipeleka kule mnakokwenda, ng'ambo ya Mto Rufiji.

Sisemi mahubiri yaachwe. Mwinjilisti wa kule yupo, anahubiri kila Jumapili, tena anawajua watu wake kwa majina. Anachokikosa ni mtu wa kumtazamia kwa nini umeme wa kanisa unakatika kila wakiwasha spika, au wa kukaa na mhazini wake juu ya daftari la sadaka. Sasa muuguzi wetu anaacha ujuzi wake Temeke, anakwenda kushika maikrofoni inayomtetemesha mikono. Hapo nani amefaidika?

Fungueni Kutoka sura ya 31. Pale Mungu anasema amemjaza Bezaleli roho yake, na ukisoma amejazwa kwa ajili ya nini, unakuta ni kufanya kazi ya dhahabu, fedha na shaba, kuchonga vito na kuchonga mbao. Akapewa na msaidizi, Oholiabu. Hakuna mahali palipoandikwa Bezaleli alipanda jukwaani. Halafu nendeni Matendo sura ya 9, Dorkasi wa Yafa. Alipokufa, wajane walimzunguka Petro wakilia, wakimwonyesha kanzu na nguo alizowashonea. Hakuna aliyemkumbusha Petro ushuhuda alioutoa Dorkasi kwenye kongamano. Walishika nguo mkononi. Na Paulo mwenyewe, kule Korintho, alikaa kwa Akila na Prisila kwa sababu walikuwa wa kazi moja, washona mahema. Sijasoma popote kwamba mahema yao yalivuja.

Mimi nilikuwa mpiga chapa mpaka nilipostaafu, kwa hiyo mtanivumilia nikitaja mpiga chapa mwenzangu. Edward Steere alifika Unguja mwaka 1864 na misheni ya Waanglikana, na baadaye, mwaka 1874, akawa askofu. Uchapaji aliupenda na aliujua, akaja na ujuzi huo. Alikaa na vijana waliookolewa kutoka kwenye majahazi ya watumwa, akajifunza Kiswahili kwao, na wao akawafundisha kupanga herufi na kuendesha mashine. Kitabu chake cha kufundishia Kiswahili kilitoka mwaka 1870. Agano Jipya alilitafsiri kwa Kiswahili cha Unguja. Kanisa kuu la Mkunazini, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa Krismasi ya mwaka 1873 pale palipokuwa soko la watumwa, ujenzi wake aliusimamia mwenyewe. Wale mliowahi kupanga herufi za risasi, ingawa nadhani hapa tumebaki wazee watupu, mnajua kazi ile ilivyo: unasoma kinyumenyume, na herufi moja ikigeuka ukurasa mzima umeharibika. Askofu anayekubali kusimama kwenye meza ile na vijana, wino mpaka kwenye kiwiko, anawafundisha mengi ambayo hayamo kwenye katekisimu.

Mwingine ni Alexander Mackay, Mskoti, mhandisi wa mitambo. Hakuwa mchungaji. Mwaka 1877 alisimamia ukataji wa barabara kutoka Saadani, hapa pwani yetu, mpaka Mpwapwa. Mwaka uliofuata akafika Buganda, ufalme ulio ndani ya Uganda ya leo, akawa anafua chuma, anatengeneza vifaa, anachonga herufi za kuchapia maandiko ya Kiganda. Mama yake Kabaka Mutesa alipofariki mwaka 1882, Mackay ndiye aliyeitwa kusimamia utengenezaji wa jeneza, na lilikuwa jeneza kubwa ajabu. Alifia Usambiro, kusini mwa Ziwa Victoria, mwaka 1890, akiwa na miaka 40. Nawatajia hawa si kwa kuwa walikuwa malaika. Wamisionari wa zama zile wako waliotuletea Injili wakaifunga pamoja na dharau kwa ngoma zetu na majina yetu, na hilo tusilirudie tunapokwenda kwa watu wengine. Lakini nyundo ya Mackay naiheshimu.

Sasa nifike kwenye linalonikera, maana wazee tuna haki ya kukereka.

Sisi watu wa kanisa tuna ugonjwa wa kulipua kazi tukishaiita kazi ya Bwana. Kwa mteja anayelipa, unapima mara mbili. Kwa kanisa, unakadiria kwa macho. Kwa mteja unafika saa mbili, kwa kanisa unafika "Mungu akipenda". Nimeona benchi la kanisa limepigwa misumari mpaka likapasuka, na aliyelitengeneza ana karakana ambayo mabwana harusi wanapanga foleni kununua makabati. Ukimuuliza anasema alijitolea. Kujitolea ni kuacha malipo, ujuzi haumo katika vinavyoachwa. Hili ndilo nataka mlibebe kuliko yote niliyoyaandika humu: kazi mtakayoifanya kule iwe na kiwango kilekile ambacho ungemfanyia tajiri wa Masaki ambaye hajalipa bado na anaweza kukataa kulipa.

Safari iliyopita kulikuwa na binti mmoja, fundi umeme aliyesoma VETA, simtaji kwa kuwa hapendi. Wenzake walipokwenda kuimba stendi, yeye aliomba ngazi. Alifungua swichi ya kwanza ndani ya kanisa akakuta nyaya zimesokotwa kwa vidole na kuzungushiwa solotepu, ile ya kufungia zawadi. Akafungua ya pili, vilevile. Alizima umeme wote, akafuata waya mmoja mmoja mpaka ukutani, akaandika kwenye kipande cha boksi kipi kinakwenda wapi, akaanza upya. Kijana mmoja wa jirani, mtoto wa Shehe wa mtaa ule, alisimama mlangoni akishangaa fundi mwanamke. Binti hakumpa trakti, kile kikaratasi cha mahubiri. Alimpa testa, akamwonyesha pa kugusa na pa kutogusa. Kesho yake kijana alirudi na mwenzake. Siku ya kuondoka, Shehe alikuja kuuliza kama fundi anaweza kuangalia na mita ya nyumbani kwake, akaangalia, na tukanywa chai pale barazani mpaka dereva akapiga honi.

Namleta Shehe katika habari hii kwa makusudi. Mnakwenda pwani. Watu wa Rufiji wamemtaja Mungu karne nyingi kabla bibi yako hajabatizwa, wana heshima zao na saa zao za sala. Mkifika, nendeni kwanza kwa mtendaji wa kijiji mkajitambulishe. Wauguzi mpitie zahanati, mwombe ridhaa ya mganga, mfanye kazi chini yake. Spika zizimwe adhana inapolia. Na jambo moja nalikataza kabisa, hata kama mlilifundishwa kwenye semina: ujuzi wenu msiufanye chambo cha ndoano. Usimpime mama presha kwa sharti la kukaa mpaka mwisho wa mahubiri. Usiwakusanye watoto kwa mpira halafu katikati ya mchezo ukauficha ili wasikilize. Kama ni mpira, uwe mpira, na kocha awe kocha wa kweli anayejua kupanga mazoezi ya watoto wa miaka kumi. Wakikuuliza kwa nini umeacha shughuli zako Dar ukaja huku, waambie ukweli wote bila kuona haya. Wataulizia tu, mimi sijawahi kuona mgeni asiyeulizwa.

Niseme na habari ya mapenzi, maana wengine mmeniambia, "Mzee, napenda sana kuimba." Kupenda kuimba na kujua kuimba ni vitu viwili, na mwalimu wa kwaya ameshindwa kuwaambia, basi nimewaambia mimi. Lakini usidharau unachokipenda kwa kuwa hakina jina kanisani. Kuna kijana wetu anayejifunza Lugha ya Alama kwa sababu ana dada kiziwi. Kila Jumapili anakaa nyuma kabisa, anamfasiria dada yake mahubiri kwa mikono, na kamati haijawahi kumpa hata kiti cha mbele ili dada aone vizuri. Kule tunakokwenda nako kuna watoto viziwi wanaokaa nyumbani. Huyo kijana jina lake halimo kwenye orodha. Liingizeni.

Na mhasibu. Najua, binti yangu, unaona aibu kusema karama yako ni mahesabu. Kanisa la mtaa wa kule linapokea sadaka, lina michango ya ujenzi, na daftari lake lina kurasa ambazo ulimi wa mtu ndio risiti. Watu wamegombana kwa ajili hiyo, wengine wamehama. Ukikaa na mhazini siku mbili, ukamwonyesha namna ya kuandika mapato upande huu na matumizi upande ule, na kufunga hesabu kila mwisho wa mwezi mbele ya wazee, utakuwa umezuia ugomvi ambao mkutano wa injili wa wiki nzima hauwezi kuuzuia.

Mwalimu wa chekechea, mshonaji, fundi simu, nawaomba kitu kimoja: msifanye kila kitu wenyewe. Tafuteni mtu wa palepale akae pembeni yenu tangu siku ya kwanza, na siku ya mwisho yeye ndiye afanye na nyinyi mtazame. Cherehani ya miguu ikitengenezwa na mgeni, mkanda ukikatika mwezi ujao inarudi kufunikwa kitambaa na kuwekewa redio juu. Mshonaji wetu amuonyeshe mama wa kule kubadili sindano, kufunga mkanda, kutia mafuta wapi na wapi pasiguswe.

Kwa wale mnaokaribia kumaliza masomo ya udaktari, unesi na ufamasia, yenu ni marefu kuliko safari ya wiki moja. Hospitali nyingi za kanisa katika nchi hii ziko mbali na lami. Haydom, kule Mbulu, imekuwa ikitibu watu tangu mwaka 1955, na hospitali ya namna ile haiendeshwi na madaktari peke yao. Inataka fundi wa mashine, mtunza stoo, mhasibu, mpishi. Fikirieni mwaka mmoja au miwili huko kabla hamjafunga ndoa na mkopo wa benki. Wazazi wenu watanilaumu, wajue nyumbani kwangu ni wapi.

Neno kwa kamati, maana najua mnaisoma. Bajeti imetenga fedha za fulana zenye jina la safari mgongoni. Kwa nini? Mwenye ajira anachukua likizo, mshahara unaingia. Bodaboda ana hesabu ya tajiri kila jioni, aende misioni asiende. Mama lishe akifunga jiko wiki nzima wateja wanahamia kwa jirani. Futeni fulana, fedha ile ilipe hesabu ya bodaboda wetu kwa siku za safari na imsaidie mama lishe kumlipa mtu wa kumshikia jiko. Bodaboda tunamhitaji kuliko mnavyofikiri. Nani mwingine atampeleka muuguzi kwenye vitongoji ambavyo basi letu haliwezi kuingia?

Tutakutana Jumamosi baada ya mazoezi ya kwaya. Kila mmoja aje na karatasi: kazi yako, vifaa utakavyobeba, na unachohitaji kununuliwa. Fundi umeme aandike nyaya na swichi, na bei za Kariakoo, si za kukisia. Mwinjilisti wa kule nimeshampigia simu anatuma orodha ya mahitaji yao, kwa hiyo tutalinganisha, na ambaye kazi yake haikuombwa asinune, atabeba vyombo. Wenye cherehani mseme mapema, maana makondakta wa Mbagala cherehani wanaikatia nauli kama abiria.

Mzee wenu,
Dar es Salaam