Chumvi kulowa ghalani ni kosa la jaruba, si la bahari

Mhariri,

Kila masika malalamiko ni yale yale: chumvi ya mashamba ya pwani, kuanzia Bagamoyo mpaka Kilwa, Lindi na Mtwara, inatoka maji ndani ya magunia na kuacha uchungu ulimini. Jawabu lililozoeleka ni kwamba ndivyo chumvi ya bahari ilivyo. Sivyo. Bahari inatupa mchanganyiko wa chumvi kadhaa zilizoyeyuka pamoja, na kazi ya jaruba, yaani kidimbwi cha kukaushia maji ya bahari kwa jua, ni kuzitenganisha. Anayeacha maji yakauke mpaka tope la mwisho amezikusanya zote tena katika gunia moja.

Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 27 za kloridi ya sodiamu, yaani chumvi ya kula. Nyingine ni gramu kama 3 za kloridi ya magnesiamu, 2 za salfeti ya magnesiamu, zaidi kidogo ya 1 ya jasi (salfeti ya kalsiamu), na kiasi kidogo cha potasiamu. Kuchuja kwa kitambaa au karatasi hakusaidii, maana vilivyoyeyuka hupita na maji. Bahati ni kwamba havigandi kwa wakati mmoja.

Kipimo cha ukolezi wa maji hayo ni digrii za Baumé, zinazosomwa kwa kijiti cha kioo kinachoelea. Maji mabichi husoma 3.5. Karibu na 13 jasi huanza kuganda, na iachwe huko huko kwenye majaruba ya kati. Chumvi ya kula huanza kuonekana 25.5, wakati ndoo kumi za maji ya bahari zimebaki takriban ndoo moja. Hapo ndipo maji yahamishiwe jaruba safi. Yakifika 29, simamisha na kuyafungulia. Kama robo tatu ya chumvi imekwishashuka. Tamaa ya robo iliyobaki ndiyo inayoharibu mavuno, kwa sababu maji hayo ya mwisho ni mazito, machungu, yamejaa magnesiamu, na hunata kwenye kila chembe. Kloridi ya magnesiamu hunyonya unyevu hewani, na hewa ya pwani haina uhaba wa unyevu.

Asiye na kijiti apime uzito. Lita moja kamili ya maji yaliyo tayari kutoa chumvi ina kilo 1.21 au 1.22, ikifika kilo 1.25, mwisho. Sampuli ipoe kivulini kwanza, kwani maji ya moto wa saa nane mchana husoma pungufu. Jaribio la yai tuliache: yai bichi huelea mapema mno, hata jasi haijaanza kuganda.

Kisha kuna kuosha, na hapa wengi huogopa kupoteza chumvi. Wakitumia maji baridi ya bomba wataipoteza kweli, kwa kuwa mililita 100 huyeyusha gramu 36. Dawa ni kuosha kwa maji safi ya chumvi yaliyokwisha kushiba, yasiyoweza kuyeyusha zaidi ila yanaondoa yale machungu. Halafu rundika mahali penye mteremko, yachuruzike.

Shule ya sekondari iliyo jirani inaweza kuhakiki matokeo. Yeyusha gramu 10 katika mililita 100 za maji yaliyokenekwa, ugawe. Sehemu ya kwanza tia matone ya asidi ya hidrokloriki, kisha kloridi ya bariamu: weupe ni salfeti. Asidi itangulie, la sivyo kabonati nayo italeta weupe na utadanganyika. Bariamu ni sumu, isimwagwe ovyo. Sehemu ya pili tia oksalati ya amonia. Weupe ni kalsiamu. Ongeza mpaka weupe usizidi, subiri utulie, uchuje, na kwenye maji yaliyopita tia amonia na fosfeti ya sodiamu: weupe wa sasa ni magnesiamu. Ukiruka hatua ya kuchuja, kalsiamu itajifanya magnesiamu. Maji matupu nayo yapimwe hivyo hivyo pembeni, maana ukitumia ya kisima, mara nyingi yana kalsiamu na magnesiamu.

Tunaandika haya kwa sababu mkazo umewekwa kwenye madini joto peke yake. Ni jambo jema, lakini iodeti, yaani hayo madini joto, ikinyunyizwa juu ya chumvi yenye majimaji husafiri na unyevu kwenda chini ya gunia, juu kukabaki patupu. Halmashauri zigawe kwanza vijiti vya Baumé kwa vikundi vya wazalishaji. Na maji ya digrii 29 yasirudishwe kwenye jaruba la mwanzo kwa kisingizio cha kubana matumizi. Kila mzunguko huongeza magnesiamu, na mvuno wa tatu utakuwa mchungu hata ukiosha.

Walimu wa kemia,
Lindi