Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wauguzi wanachama: mwaka wa barua tatu

Ndugu wanachama, wakubwa zangu shikamooni, wenzangu habari za kazi. Najua kuna waliotoka naiti asubuhi hii wakaja hapa moja kwa moja bila hata kulala, asanteni sana, nimewaona.

Kwa kawaida taarifa ya mwenyekiti inaanza na vikao tulivyokaa, misiba tuliyohudhuria na michango. Mwaka huu hayo namwachia katibu na mweka hazina, mi nataka muda wangu wote niutumie kwa jambo moja ambalo kwa kweli limeninyima usingizi. Wanachama wenzetu watatu wamepewa barua za kujieleza ndani ya mwaka mmoja. Majina sitataja, vituo sitataja, na nyie mnaowajua naomba mnyamaze hivohivo. Wote watatu nimewasomea sehemu inayowahusu kabla ya leo wakasema sawa mwenyekiti, sema, labda itamwokoa mwingine.

Barua ya kwanza ilitoka wodi ya wazazi. Dada yetu alikuwa usiku, muuguzi pekee, ana mhudumu mmoja na akina mama watano kwenye uchungu. Mmoja presha 160 kwa 110, kichwa kinamgonga, macho yanaona ukungu. Dada akajua hii ni kifafa cha mimba kinakuja, akaanza magnesium sulfate, dawa ya kuzuia degedege la kifafa hicho, gramu 4 kwenye mshipa polepole, gramu 10 kwenye misuli, tano kila tako, kama tulivyofundishwa. Akampigia daktari wa zamu hakupokea, akapiga tena, akapiga tena, huku anakimbia kwa mama mwingine ambaye kichwa cha mtoto kimeshaonekana. Daktari alifika baadae sana. Mama alipona, mtoto hakupona. Familia ikalalamika na ni haki yao kulalamika, wamepoteza mtoto.

Nilimsindikiza siku ya kuhojiwa. Faili likawekwa mezani, patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu, ikafunguliwa, mapigo ya mtoto yameandikwa saa sita na nusu usiku, halafu weupe mtupu hadi saa kumi alfajiri. Mapigo yanatakiwa yasikilizwe na kuandikwa kila nusu saa, kwa hiyo hapo zinakosekana alama sita. Mjumbe mmoja, mama mtu mzima, aligeuza ile karatasi ikamwelekea dada, akaweka kidole kwenye pale peupe akauliza taratibu tu, sista, kati ya hapa na hapa mtoto alikuwa anaendeleaje? Dada akasema nilikuwa namsikiliza. Akaulizwa yalikuwa mangapi? Kimya. Nani angekumbuka, miezi minne imeshapita na amezalisha akina mama wangapi hapo katikati. Akaulizwa daktari ulimpigia saa ngapi? Kwenye noti hakuna. Zile namba alizopiga zilikuwa kwenye simu, na simu yenyewe alishabadilisha.

Jamani, kazi aliifanya. Mi namfahamu, naamini aliifanya. Lakini mezani pale kulikuwa na karatasi tu, na karatasi ilikuwa inasema kwa saa tatu na nusu hakuna mtu aliyemwangalia yule mama.

Sasa linganisheni na mwenzetu mwingine, huyu hakupewa barua ndo maana simhesabu kwenye wale watatu. Hali karibu ileile, usiku, daktari hapokei. Yeye aliandika: saa 8:20 usiku nimempigia daktari wa zamu, hajapokea. Saa 8:35 nimempigia tena, hajapokea. Saa 8:40 nimemtaarifu matroni wa zamu kwa simu. Saa 8:55 daktari amefika. Mistari minne ya biki, jina na sahihi yake mwishoni. Swali lilipokuja liliishia kwenye ile mistari, hakuitwa hata kikao kimoja.

Niseme kidogo kuhusu sheria hapa maana nimegundua wengi wetu tunachanganya. Ukipata tatizo kazini kuna milango mitatu na haifanani. Wa kwanza ni mwajiri wako, huyu ana taratibu zake za nidhamu za utumishi. Wa pili ni Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, ambalo linafanya kazi chini ya Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, ndo linalokusajili, ndo linalokupa leseni, na ndo lenye uwezo wa kukuonya, kukusimamisha au kukufuta kwenye daftari. Wa tatu ni polisi na mahakama, kwa sababu Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inazungumzia matendo ya uzembe yanayohatarisha maisha ya mtu na tiba imo ndani yake. Milango hii inaweza kufunguliwa yote mitatu kwa tukio hilohilo moja. Mwajiri anaweza kukusamehe na Baraza likakuita, mahakama inaweza kukuachia na bado leseni yako ikajadiliwa. Sisi kama chama cha taaluma hatusajili mtu wala hatufuti barua ya mtu, tunachoweza ni kukusindikiza, kukutafutia ushauri wa kisheria na kuhakikisha umesikilizwa kabla ya kuhukumiwa maana kusikilizwa ni haki yako. Mambo ya mkataba, malimbikizo na posho ni ya chama cha wafanyakazi, TUGHE kwa wengi wetu, msije kutulaumu kwa yale.

Na ili nikusindikize vizuri nahitaji kitu cha kushika. Nahitaji maandishi yako ya siku ile, yaliyoandikwa saa ileile. Hapa lazima niseme jambo gumu: kuna tabia ya kujaza patografu baada ya mama kujifungua, mtu anakaa na chai anachora vidoti vimenyooka vizuri kama kamba, mapigo 140, 140, 144, 140. Wenzangu, huo ni uongo wa maandishi na anayekagua anaujua akiangalia tu, biki moja, mwandiko haujatetereka, hakuna mtoto duniani ambaye moyo wake unapiga hivo usiku mzima. Pengo linaelezeka. Kughushi hakuelezeki, ukighushi hata mi mwenyekiti nitabaki sina la kusema. Kama umechelewa kuandika kwa sababu ulikuwa unaokoa mtu, andika hivohivo: saa unayoandika, halafu useme haya yalitokea saa ngapi na kwa nini umechelewa. Ukikosea, piga mstari mmoja juu ya kosa lisomeke bado, andika lililo sahihi, weka saini yako na tarehe na saa. Ile rangi nyeupe ya kufutia isionekane wodini kabisa.

Dada alipewa onyo la maandishi. Amerudi kazini. Nitamrudia.

Barua ya pili ni kaka yetu wa wodi ya wanaume. Shifti ya jioni, wagonjwa wamejaa mpaka chini, akamwambia mhudumu wa afya nenda kamchome kitanda namba fulani na fulani dozi zao za saa kumi na mbili, dawa nimeshachanganya ziko kwenye trei. Mhudumu akachanganya vitanda. Namshukuru Mungu aliyepewa dawa isiyo yake hakupata madhara makubwa, alitokwa na vipele na kuwashwa usiku kucha. Kaka alipojieleza alisema aliyechoma sio mimi. Hiyo haikusaidia kitu wala isingesaidia, kwa sababu mhudumu hajasomea, hajasajiliwa, na sheria haimtambui kama mtoa dawa, aliyesajiliwa ni wewe. Unaweza kumtuma mtu akasukume kitanda, akapeleke sampuli maabara, huwezi kumtuma akabebe leseni yako. Wanafunzi wa fildi ndo hivohivo, anafanya ukiwa umesimama pembeni yake, kama umekwenda kunywa maji basi anayefanya ni wewe.

Najua mtakachosema, mtasema mwenyekiti tupo wawili kwa wagonjwa arobaini tufanyeje. Nawaelewa, nimefanya kazi hiyo. Jibu langu ni kwamba hilo nalo liandikwe. Kwenye kitabu cha ripoti mwanzo wa shifti andika mko wangapi, wagonjwa wangapi, umemtaarifu nani kwamba hamtoshi na saa ngapi. Haitaleta muuguzi wa tatu usiku huohuo, ila siku ya kuulizwa itaonekana ulisema.

Na hapohapo kwenye dawa, neno "nimeandikiwa na daktari" sio kinga. Ukiona dozi imezidi mara kumi na ukachoma, mmekosea wawili. Una wajibu wa kuuliza, na akisisitiza una wajibu wa kusita na kumpigia aliye juu yake. Oda ya simu unaiandika, unamrudishia kwa sauti aisikie, na akija asaini. Nchini Marekani, jimbo la Tennessee, mwaka 2017 muuguzi mmoja alitoa vecuronium, dawa inayopoozesha misuli, badala ya Versed ya kutuliza wasiwasi, mgonjwa akafariki. Alikiri kosa lake mwenyewe. Mwaka 2022 baraza la wazee wa mahakama lilimtia hatiani kwa kifo kilichotokana na uzembe, akapewa miaka mitatu ya uangalizi nje ya gereza, na leseni alikuwa ameshanyang'anywa. Wauguzi wengi duniani walimlilia, na mi niliumia pia, maana watu wakiona anayekiri anatiwa hatiani wataanza kuficha. Lakini jina la dawa lilikuwa limeandikwa kwenye ile chupa. Soma chupa. Soma unapoitoa, soma unapovuta, soma kabla ya kumgusa mgonjwa, na muulize mgonjwa jina lake alitaje yeye, sio wewe umuulize "wewe ndo fulani eeh" akaitikia tu kwa homa.

Na wale wa wodi ya wazazi, kabla ya dozi inayofuata ya magnesium angalieni na muandike vitu vitatu, pumzi zisiwe chini ya 16 kwa dakika, goti likigongwa liruke, mkojo usiwe chini ya mililita 30 kwa saa. Calcium gluconate, dawa ya kuokoa magnesium ikizidi mwilini, iwe imekaa karibu, sio kwenye stoo iliyofungwa na funguo kaondoka nazo mtu.

Barua ya tatu inaniuma kwa sababu hakukuwa na ubaya wowote moyoni mwa aliyefanya. Binti yetu mdogo kabisa kazini, kazalisha mapacha, kafurahi, kapiga picha akiwa amewabeba kaweka statasi. Nyuma yake kuna kitanda, juu ya kitanda kuna kadi ya kliniki ya mama imefunguka. Mtu akakuza picha, akasoma, akapiga skrinshoti, mtaani ikajulikana mama yule anatumia dawa za ARV. Mumewe alikuwa hajui. Mama yule nilikwenda kumwona mwenyewe na sitaeleza alichoniambia.

Siri ya mgonjwa haikuanza na simu, iko kwenye kiapo tunachorudia na mishumaa mkononi kila tarehe 12 Mei, Siku ya Wauguzi Duniani. Ila sasa sheria nazo zimekaza. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Ukimwi ya mwaka 2008 inalinda majibu ya kipimo cha mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika Mei 2023 na taarifa za afya zimewekwa kwenye zile nyeti zaidi. Kwa hiyo picha ya mgonjwa, mguu wa mgonjwa, eksirei yenye jina, hata kwenye grupu la wauguzi watupu, usitume. Kama unataka ushauri wa kidonda, pita kwenye utaratibu wa kituo chako na mgonjwa awe ameridhia. Siri ina mipaka yake lakini, mtoto akiletwa na majeraha yanayoonyesha anapigwa au anabakwa, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa atoe ripoti serikali za mitaa, hapo kukaa kimya ndo kosa.

Leseni niseme haraka. Tulipokagua nakala za wanachama tulikuta baadhi zimeisha muda na mwenyewe hajui. Kufanya kazi na leseni iliyokufa ni kosa kisheria hata kama una miaka ishirini wodini, na mwajiri kutokukumbusha sio utetezi. Katibu atapokea nakala mpya mwisho wa mwezi huu, na atafungua daftari la tarehe za kuisha ili tukumbushane mapema.

Kamati imeanza mazungumzo kuhusu bima ya kitaaluma ya pamoja, bado hatujapata masharti tunayoyaamini, tukipata tutayaleta hapa myapigie kura.

Nilisema nitamrudia dada wa barua ya kwanza. Alikuja kwangu baada ya onyo, nikadhani anakuja kujitoa kwenye chama. Akaniomba afundishe yeye. Kwa hiyo Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa tatu asubuhi, kwenye ukumbi huuhuu, ataongoza mafunzo ya uandishi wa noti na patografu. Atakuja na nakala ya chati yake mwenyewe, jina la mama limeondolewa kwa ruhusa, ile yenye sehemu nyeupe, na tutaanzia hapo. Njooni na biki. Mweka hazina, karibu usome hesabu.