Muuza kiwanja akigeuka, usikimbilie kurudishiwa pesa

Ndugu Mhariri,

Jioni moja muuzaji wangu alinipigia simu: “Njoo uchukue pesa zako, nimepata anayetoa zaidi.” Nilikuwa nimeshalipa nusu ya bei ya kiwanja na mkataba tumetia saini. Ndugu zangu wote walisema nichukue, yaishe.

Wakili ndiye aliyenizuia. Ukipokea fedha kimyakimya, unaweza kuonekana umeridhia mkataba uvunjwe. Na kwa kuwa hakuna kiwanja kinachofanana kabisa na kingine, mahakama inaweza kumwamuru muuzaji akamilishe mauzo, si kulipa fidia tu. Ila mnunuzi naye athibitishe kwamba yuko tayari kulipa salio. Salio nilikuwa nalo. Risiti ya pili ndiyo nusura nikose, niliikuta ndani ya daftari la mwanangu!

Tulianza kwa kuomba zuio kwa msajili wa ardhi, ili kiwanja kisihamishiwe mtu mwingine, maana kiwanja kikishasajiliwa kwa mtu asiyejua lolote, mara nyingi unabaki kudai pesa. Kisha ikafuata barua ya madai, ikimpa muuzaji siku 14 akamilishe mauzo. Siku ya 11 muuzaji alipiga simu tena, safari hii kwa sauti ya chini.

Mnunuzi aliyeponea chupuchupu