Mti wa Krismasi wa njano ukigeuka kahawia, weka mkasi chini kwanza

Kuanzia Juni hadi Agosti, swali tunaloulizwa sana hapa kitaluni Uyole si bei ya miche. Mtu anafika, au anatuma picha kwa WhatsApp: "Krismasi yangu ya njano inakauka, nipeni dawa." Dawa zipo, na kuuza ndiyo kazi yetu. Ila mara nyingi mti wenyewe hauumwi. Umekatwa vibaya, umepandwa kivulini, au umepigwa tu na baridi ya Mbeya.

Tuelewane kwanza ni mti gani, maana jina hilo wateja wanalitumia kwa miti miwili. Wa kwanza ni mfupi, umbo la yai, majani yake yamesimama wima yakibanana kama kurasa za kitabu. Asili yake ni China na Korea. Kibao chake kinaweza kuandikwa Platycladus au Thuja, jina la zamani. Ni mti uleule. Unakua taratibu mno, na kwa ua dogo la nyumbani huo ndio tunaoupendekeza. Wa pili ni Goldcrest, ndugu wa saipresi za mbao, ambao ukoo wake unatoka pwani ya Monterey, California. Huu umechongoka juu, na ukiusugua majani kwa vidole unanukia limao. Ukiwa kwenye kiriba unavutia kweli, lakini ukishatulia ardhini unaweza kupita mita 5. Mteja akitaka kuupanda chini ya dirisha huwa tunamuuliza paa lake lina urefu gani.

Sasa mkasi. Watu wengi huku wamezoea duranta ya njano na michongoma. Duranta hata uikate hadi ibaki vijiti, mvua ikinyesha inachipua upya. Fundi wa bustani anakuja na mkasi uleule na mazoea yaleyale, anaukata mti wa Krismasi upande mmoja hadi kwenye matawi ya kahawia ili "ukae sawa". Hapo ameshauharibu. Miti ya jamii hii, tofauti na duranta, haina macho ya kuchipua kwenye mti mkavu wa ndani. Ukivuka sehemu yenye majani mabichi, shimo ulilofungua litabaki shimo, na hakuna mbolea wala dawa ya kulifunika. Kinachoweza kusaidia ni matawi ya jirani kurefuka taratibu na kuliziba, nako huchukua misimu kadhaa.

Kwa hiyo kata ncha tu, ndani ya majani mabichi, na ufanye hivyo mvua zinapoanza, Novemba au Desemba, ili mti uwe na nguvu ya kusukuma machipukizi. Ukiona tawi moja limetoka la kijani tupu na linakua haraka kuliko mengine, hilo ndilo la kukata hadi shinani. Lina chembe za kijani nyingi zaidi, kwa hiyo lina nguvu kuliko matawi ya dhahabu, na ukiliacha litayafunika.

Rangi ya dhahabu inahitaji jua. Ukiupanda nyuma ya nyumba, au chini ya mparachichi, baada ya miezi kadhaa unakuwa wa kijani kilichofifia na wateja wanadhani tumewauzia mche mwingine. Upe mahali penye jua angalau saa 6 kwa siku. Mche uliotoka chini ya neti ya kitalu usiutoe ghafla kwenye jua kali la Oktoba. Uzoeshe kidogokidogo kwa wiki moja au mbili, la sivyo ncha zinaungua.

Baridi nayo ina mambo yake. Kuanzia Uyole kupanda hadi Njombe na Makete, asubuhi za Juni na Julai huwa na jalidi, na mti ule mfupi hubadilika kuwa rangi ya shaba, upande unaopigwa na upepo zaidi. Kabla hujalia, kwaruza gome la tawi dogo kwa ukucha. Chini yake pakiwa kijani na pana unyevu, tawi li hai, rangi itarudi joto likirudi. Pakiwa pakavu na tawi linakatika kwa mlio, hilo limekufa. Majani ya ndani kabisa, karibu na shina, kukauka na kudondoka kidogo kila mwaka ni kawaida, jua haliyafikii.

Kupanda hakuna siri kubwa. Shimo liwe pana mara mbili ya kiriba lakini lisizidi kina chake, kiriba kiondolewe chote, mizizi iliyojizungusha ifunguliwe, na shina lisifukiwe zaidi ya lilivyokuwa. Kinachoua miti mingi ni maji kutuama, hasa kwenye vyungu visivyo na matundu. Kiangazi, mche wa mwaka wa kwanza unatosheka na ndoo moja ya lita 20 mara moja kwa wiki, imwagwe polepole; kunyunyizia juujuu kila jioni kunaifanya mizizi ibaki juu. Tandaza matandazo, na majani ya mipaina, ambayo Mufindi ni ya kuokota, yanafaa sana mradi yasigusane na shina.

Kuna wadudu wa aina moja tu tunaowachukulia kwa uzito: vidukari vya saipresi. Barani Afrika viligunduliwa kwanza Malawi mwaka 1986, vikaingia Tanzania 1988 na Kenya 1990, na viliharibu mashamba makubwa ya saipresi. Vinafyonza utomvu na kuacha sumu inayokausha tawi kuanzia ndani kwenda nje. Dalili haijifichi sana: tenganisha matawi utazame gome. Utaona wadudu wa kahawia wamejipanga kwa makundi, majani yananata, masizi meusi yametanda, na sisimizi wanapanda na kushuka. Wakiwa wachache, mti mfupi unaoshwa kwa maji ya kasi na sabuni, unarudia baada ya siku chache. Wakiwa wengi, hapo ndipo dawa inayopenya kwenye utomvu ina kazi, na upulize jioni, kwa sababu nyuki hufuata ule utamu unaonata ambao vidukari huutoa.

Ukiwa na wasiwasi, tuletee kijitawi tukitazame kabla hujanunua chochote, hatutozi. Kifunge kwenye mfuko wa plastiki, tafadhali. Miche yetu iko hatua chache kutoka getini, na vidukari vinajua kuruka.